Kwa nini barua haiji nyumbani: posta ya Tanzania na safari yake ya kutoka sandukuni

Ukipanda daladala kwenda katikati ya Dar es Salaam, konda atataka kujua unashukia Posta ipi, ya Zamani au Mpya. Majina hayo yako midomoni mwa watu kutwa nzima, na wengi wanaoyataja hawajanunua stempu miaka na miaka. Lakini tazama barua yoyote ya ofisi, kibao cha shule au risiti ya hospitali. Chini ya jina utakuta herufi tatu, S.L.P., na namba. Kwa vizazi kadhaa hiyo ndiyo imekuwa anwani ya Mtanzania: kisanduku chenye kufuli kwenye ukuta wa jengo la posta, ambacho mara nyingi hata si chake.

Ziko nchi ambako mgawa barua hupita nyumba kwa nyumba. Kwetu mwenye barua ndiye anayeifuata. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeliuliza, na mimi naona ndiko mahali pa kuanzia kama unataka kuielewa posta yetu: ilivyozaliwa, ilivyoyumba, na kazi ngumu inayoifanya hivi sasa.

Ilianza na meli

Posta ya kwanza kushika mizizi katika mwambao huu ilikuwa Unguja, na iliendeshwa na idara ya posta ya India. Ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikarudi mwaka 1875 na safari hiyo ikakaa. Kilichobadilika katikati ni meli. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilipata mkataba wa kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar kila mwezi, na pale barua zilipopata usafiri wa uhakika, ofisi ya kuzipokea ikawa na maana. Wafanyabiashara wa karafuu na pembe za ndovu walikuwa na ndugu na mitaji Bombay. Kwao habari ya bei ilikuwa mali. Stempu zilizouzwa zilikuwa za India, na Zanzibar ilipopata zake mwaka 1895, mwanzoni zilikuwa zilezile za India zilizogongwa neno Zanzibar juu yake.

Wakubwa wengine wa Ulaya hawakutaka kubaki nyuma. Wafaransa walifungua posta yao hapo Unguja mwaka 1889 na kuiendesha hadi 1904. Wajerumani walifungua ya kwao Agosti 1890 wakaifunga Julai 1891. Kwa miezi hiyo michache, mkazi wa Mji Mkongwe aliyetaka kutuma barua ng'ambo alikuwa na posta tatu za mataifa matatu ndani ya mji mmoja mdogo.

Bara, Wajerumani walifungua ofisi Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890. Mwaka 1893 zikatoka stempu za kwanza za koloni: stempu za Ujerumani zilizogongwa bei kwa pesa, wakati huo rupia moja ikiwa na pesa 64. Mwaka 1905 hesabu ikabadilishwa kuwa heller 100 kwa rupia, na stempu zikabadilika nayo.

Stempu ni za kupendeza, lakini la kuangalia ni mahali ofisi zilipowekwa. Posta ilikwenda kwenye boma, bandari na stesheni. Barua za bara zilibebwa na matarishi kwa miguu mpaka reli ilipochukua kazi hiyo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Aliyelengwa alikuwa ofisa, mmisionari, mwenye shamba la mkonge na mwenye duka. Mkulima wa Ugogo hakuwa kwenye hesabu. Sasa fikiria kinachohitajika ili kumpelekea mtu barua mlangoni: mtaa uwe na jina, nyumba iwe na namba, na mtaa wenyewe upate barua za kutosha kulipa mshahara wa anayezunguka nazo. Sanduku halihitaji lolote katika hayo. Linahitaji ukuta mmoja, na mtu aliye tayari kutembea.

Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza mambo, na iliacha kisa kimoja ambacho sijawahi kukisahau tangu nilipokisoma. Stempu zilipopungua, Wajerumani walichapisha nyingine kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, kule Usambara, mwaka 1916. Hazikuwahi kufika kaunta. Zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikafukuliwa baada ya vita na kupelekwa Ujerumani.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walirithi ramani ileile. Mwaka 1922 walitoa stempu zenye kichwa cha twiga. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Usafiri ulibadilika sana katika miaka hiyo. Sanduku lilibaki palepale.

Babu yangu hakuwa na sanduku. Barua zake zilikuja kwa sanduku la misheni, zikasubiri Jumapili, zikasomwa majina baada ya ibada. Vijiji vingine zilipitia shule ya msingi, au duka la mtu mmoja mwenye baiskeli aliyekwenda mjini mara moja kwa wiki. Kwa hiyo S.L.P. moja ilibeba ukoo, pengine kata nzima. Ni ushirika uliofanya kazi vizuri kuliko mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu aliyeshika ufunguo alimjua kila mtu. Udhaifu wake ni huo huo: alijua pia nani ameandikiwa na nani, na bahasha ya pesa ilionekana kwa mguso.

Nchi tatu, stempu moja

Baada ya uhuru posta iliendelea kuwa ya pamoja. Mkataba wa Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulizipa nchi tatu Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu Kampala. Ukipata kitabu cha stempu za enzi hizo, chunguza mpangilio wa majina: stempu moja imeanza na Kenya, nyingine Uganda, nyingine Tanzania. Majina yalipokezana nafasi ya mbele, asiwepo wa kudumu kuwa wa kwanza. Kwangu hiyo ni siasa ya Jumuiya yote kwenye kipande cha karatasi kinachotoshea kwenye kidole gumba.

Zanzibar nayo ilikuwa na njia yake. Posta na simu zilikuwa miongoni mwa mambo 11 ya Muungano yaliyokubaliwa mwaka 1964, lakini Visiwani waliendelea kutumia stempu zao hadi mwisho wa 1967.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na majengo, magari na watumishi waliokuwa upande wake. Hapa likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Watu walisema tu "Posta na Simu", kama neno moja, na ndani ya jengo hilo moja ungeweza kununua stempu, kupiga simu ya mbali kwenye kibanda, kutuma telegramu iliyohesabiwa kwa maneno, kutuma hawala ya fedha, na kuweka akiba yako. Yaliyofuata hayaeleweki bila picha hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba hiyo iligawanywa. Sheria ya mwaka 1991 iliitoa akiba ikawa Benki ya Posta Tanzania. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria nyingine zilizotenganisha simu na posta na kumweka msimamizi wa sekta pembeni yao. Simu ikawa TTCL. Barua zikabaki na Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi Januari 1994. Msimamizi wa leo, TCRA, alianza mwaka 2003, na ndiye anayetoa leseni kwa Shirika na kwa kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi. Benki nayo iliendelea na safari yake hadi ikawa sehemu ya inayoitwa leo Tanzania Commercial Bank, bila neno "Posta" kwenye jina.

Mgawanyo ule ulikuwa na mantiki yake: simu ilihitaji mitaji mikubwa, benki ilihitaji usimamizi wa kibenki. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani aliondoka na nini. Simu ilikuwa na wateja waliokuwa wakisubiri laini, na benki iliondoka na amana. Posta ilibaki na barua, ofisi za wilaya hadi wilaya, na wajibu wa kuendelea kuzifungua hata pale ambapo mauzo ya siku hayalipi umeme. Wajibu huo haukupungua hata kidogo. Kampuni binafsi inaweza kuchagua Dar es Salaam, Arusha na Mwanza ikaishia hapo. Posta haina uchaguzi huo, na nadhani kila hesabu ya faida na hasara ya Shirika inapaswa kusomwa na jambo hilo likiwa mezani.

Kisha simu za mkononi zikaja. Barua ya "hatujambo, hofu ni kwenu" ikahamia kwenye ujumbe mfupi. Kadi za salamu, zile zilizojazwa majina kwa kalamu na kutumwa kwa mafungu kwa Radio Tanzania na idhaa za Kiswahili za ng'ambo, zikapungua. Mwaka 2008 Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini, hawala ya posta ilipata mshindani asiyehitaji foleni. Ndani ya muongo mmoja na nusu tangu kusimama peke yake, Posta ilikuwa imepoteza sababu kubwa mbili zilizomfanya mtu wa kawaida avuke mlango wake.

Kinachotokea ukishaondoka kaunta

Barua haijafa, imebadilika mwili. Leo nyingi ni za taasisi kwenda kwa mtu: wito wa mahakama, nyaraka za zabuni, vyeti. Na vifurushi vinaongezeka kwa sababu watu wananunua vitu kwa simu. Njia yenyewe ni hii. Karani anapima, anapokea malipo, anagonga muhuri wenye jina la ofisi na tarehe. Vitu vinachambuliwa kwa uelekeo, vinaingizwa kwenye mifuko, kila mfuko unafungwa kwa lakiri na kuandikiwa orodha, kisha unapanda gari la posta au ndege. Ofisi inayopokea inakagua lakiri na orodha kabla ya kufungua. Barua za kawaida zinasukumwa kwenye masanduku kutokea upande wa nyuma, ambao mteja haoni. Kitu cha rejista hakiingii sandukuni. Kinachoingia ni karatasi ya kukuita kaunta na kitambulisho chako, na hapo unasaini.

Kwa vitu vya rejista, vifurushi na EMS, yaani huduma ya haraka, utapewa namba ya herufi na tarakimu, jumla 13. Wengi huiona kama fujo tu, kumbe ina mpangilio unaotumiwa na posta za dunia nzima. Chukua mfano wa EE123456785TZ. Herufi mbili za mwanzo ni aina ya huduma: E ya kwanza ni EMS, R ingekuwa rejista, C kifurushi. Mbili za mwisho ni nchi ilikotoka, TZ ni sisi. Katikati kuna tarakimu nane za mfululizo, na ya tisa ni mlinzi. Unazidisha zile nane, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, unajumlisha, unagawa kwa 11, unachukua baki na kulitoa katika 11. Hapa jumla ni 204, baki ni 6, na 11 kutoa 6 ni 5: tarakimu ya tisa. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Karani akikosea akabadilisha nafasi za 3 na 4, jumla inakuwa 206, mlinzi anatakiwa awe 3, na mfumo unajua papo hapo kuwa kuna kosa. Kwa hiyo namba yako ikikataliwa unapofuatilia mzigo, anza kwa kuisoma upya herufi kwa herufi kabla hujaanza kuhofia umepotea.

Mzigo wa kutoka nje una mkono mwingine kati yake na wewe: forodha. Ile karatasi ndogo anayobandika mtumaji, ikieleza kilichomo na thamani yake, ndiyo inayosomwa na ofisa wa TRA kukadiria kodi. Maelezo mafupi mno ni chanzo kikubwa cha mizigo kusubiri. Mwambie ndugu yako aliyeko ng'ambo aandike "mashati mawili ya pamba, yametumika", asiandike "zawadi".

Sasa suala la pesa kati ya nchi, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Mtu wa China anapotuma kifurushi Mbeya, analipa kwao. Posta ya Tanzania inakipokea, inakisafirisha na kukigawa. Nani analipa kazi ya huku? Kwa karibu miaka mia jibu lilikuwa: hakuna. Oktoba 9, 1874, nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, zikisukumwa na mkuu wa posta wa Ujerumani, Heinrich von Stephan, zikaanzisha chombo ambacho leo ni Umoja wa Posta Duniani, UPU. Zilikubaliana kuifanya dunia eneo moja la posta: stempu ya nchi inayotuma inatosha mpaka mwisho wa safari, na kila nchi inabaki na mauzo yake. Waliamini kwamba kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mizigo ingelingana.

Haikulingana. Nchi zenye magazeti na makampuni makubwa zilituma kuliko zilivyopokea, na nchi zilizopata uhuru zikajikuta zinagawa bure. Mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ndio ulioweka ada ambayo nchi inayotuma huilipa nchi inayogawa. Viwango vya ada hiyo vimekuwa vita tangu hapo. Biashara ya mtandaoni ilipofurika vifurushi vidogo kutoka China, Marekani ililalamika kwamba inalipwa kidogo mno kuvigawa, na mwaka 2018 ikatangaza kujitoa UPU. Aliyekuwa akiongoza ofisi ya UPU wakati huo alikuwa Mkenya, Bishar Hussein. Mkutano maalumu wa Geneva, Septemba 2019, ulifikia maafikiano ya kuziruhusu nchi kupanga viwango vyao kwa vifurushi vya aina hiyo, na Marekani ikabaki. Hilo linatuhusu kuliko tunavyodhani. Ada hiyo ndiyo inayochangia mafuta ya gari linalotoa kifurushi chako uwanja wa ndege. Ndiyo maana nafurahi kwamba Umoja wa Posta wa Afrika, PAPU, ulioanzishwa Arusha mwaka 1980, una jengo lake la ghorofa 17 mjini hapo tangu Septemba 2023: mazungumzo haya yanahitaji Waafrika wanaokaa pamoja na kusoma hesabu kabla ya kwenda kwenye mkutano.

Kutoka sandukuni kwenda mlangoni

Mshindani halisi wa Posta mikoani ni basi. Unapeleka mzigo ofisi ya basi, unaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji, na kesho yake anaufuata stendi. Tazama vizuri utaona ni mpango uleule wa sanduku: mpokeaji anafuata. Basi limeushinda mpango huo kwa kasi na kwa kuondoka kila siku, na Posta haiwezi kushinda kwa kumwambia mteja afuate mzigo mahali pengine. Nafasi iliyobaki ni mlango wa mteja. Na mlango unataka anwani.

Kwa hiyo kazi kubwa zaidi ya posta katika miaka hii imefanyika nje ya ofisi za posta. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyokimbizwa ili itangulie Sensa ya Agosti mwaka huo. Nguzo za majina ya mitaa zilisimikwa, vibao vya namba vikagongwa kwenye nyumba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali uitwao NaPA. Juu yake ipo postikodi ya tarakimu tano, ambayo huanza na kanda na kuteremka hadi kata. Watu wengi walidhani vibao vile ni vya sensa tu. Ni miundombinu ya kudumu, kama bomba la maji, na vibaki vikisomeka au vififie kwa jua itategemea serikali za mitaa na sisi wenye nyumba.

Shirika lenyewe limeanza kujipanga kwa hali hiyo. Lina huduma ya kufikisha mzigo mlangoni, duka la mtandaoni, na Posta Kiganjani, ambapo namba yako ya simu inasimama kama sanduku: mzigo ukifika, taarifa inakuja kwenye simu badala ya karatasi kusubiri nyuma ya kufuli. Katika baadhi ya majengo yake kuna vituo vya Huduma Pamoja, ambapo taasisi za serikali zinahudumia wananchi chini ya paa moja. Hilo la mwisho naliona la busara sana. Ofisi iliyopo kila wilaya, ambayo kwa hesabu ya barua ni mzigo, kwa hesabu ya mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa ni nauli iliyookolewa.

Mapungufu yapo. Kupata kibao hakujamfanya mtu aijue anwani yake. Uliza watu kumi namba ya nyumba zao uone. Fomu nyingi za ofisi bado zina mstari wa S.L.P. na hazina mahali pa postikodi, na mwombaji wa kazi asiye na sanduku bado anaazima la shule aliyosoma.

Juzi nilimtumia shangazi yangu dawa za macho, Songea. Kwenye bahasha niliandika jina lake, namba ya nyumba, mtaa, kata na postikodi, na simu. Nilijiandaa kwa maelezo ya kila siku, kwamba upite kanisani, ukate kulia kwenye mwembe, uulize kwa mama wa maandazi. Jioni shangazi akanipigia. Kijana wa pikipiki alikuwa amesimama nje ya ukuta, akamwambia kwa simu, "Shikamoo mama, mimi nina mzigo wako, nipo kwenye nyumba namba 14, ndiyo kwako?" Shangazi hakujua. Ilibidi atoke nje kukitazama kibao.